Njo gani yenye haikwamaka? Mifumo mitatu ya bastola juu ya meza ya fundi

Mdogo wangu mmoja wa Kampemba alinikuta nimeinama kwenye jiliwa, na kabla hata ya kunisalimia vizuri akauliza: "Yaya, njo gani yenye haikwamaka?" Yaani: mkubwa wangu, ni ipi isiyokwama? Alikuwa anazungumzia bastola. Kibali chake kimeshapita ofisi zote zinazohusika. Kilichobaki ni kuchagua, na kichwani alikuwa na majina matatu: Makarov, Beretta, na GP ya Wabelgiji au mjukuu wake Glock. Kila rafiki alimwambia la kwake na kila mmoja aliapa.

Mimi si askari, na silaha siuzi. Ni ajistere, fundi wa chuma, nimezeekea kazini hapa Lubumbashi. Lakini marehemu baba mkubwa, aliyestaafu jeshini, alikuwa akinikalisha kwenye mkeka na bastola tupu, anaifungua kipande kwa kipande juu ya gazeti, kisha ananiambia niirudishe. Nilijifunza hapo kwamba bastola isiyokwama kamwe haijatengenezwa bado. Kila muundo una makosa unayoyasamehe na makosa usiyoyasamehe. Anayechagua bastola anachagua ni makosa gani ataishi nayo.

Neno moja kabla sijaanza: nchini mwetu silaha na risasi zina sheria yake tangu 1985, na bila kibali hakuna cha kulinganisha. Nazungumza na wenye kibali, na wapenda mashine wanaotaka tu kuelewa.

Tunapima nini

Mtu wa pikipiki ataelewa haraka. Bastola inayojipakia yenyewe ni injini ndogo: baruti ni petroli, na pistoni ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, nitakachokiita kitelezi. Risasi ikipigwa, kitelezi kinarudi, kikucha kinachomoa ganda tupu kutoka chemba (kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachoshika risasi), ganda linagonga kizuizi na kutupwa nje, springi inajaa nguvu, kisha inakisukuma kitelezi mbele kiokote risasi mpya kutoka kwenye magazini (shajeri, kama tunavyosema mjini kwetu) na kuiingiza chemba. Yote hayo kufumba na kufumbua. Hatua moja ikichelewa, mashine nzima inasimama.

Kwa hiyo nitaangalia mambo haya kwa kila mfumo: risasi inaingiaje chemba, ganda linatokaje, uchafu unaingia wapi na unatokea wapi, risasi dhaifu au kali kupita kiasi inaleta nini, mkono wa mshikaji una uzito gani, na kipande gani kitachoka kwanza. Bei siigusi, wala uzuri wa sura.

Kuna jambo linalozikuta zote tatu, nalo ni magazini. Ukinipa bastola mia zilizokwama, nitaanza kwa kukagua magazini zake kabla sijagusa kitu kingine. Ile midomo miwili ya bati inayoshika risasi ya juu ndiyo inayoamua risasi itoke kwa pembe gani na wakati gani. Ikiangushwa chini mara moja ikajikunja kwa unene wa ukucha, risasi inapanda mapema mno au inainama. Warusi waliliona hilo mapema: kwenye Tokarev ya miaka ya 1930 midomo ya kuongozea risasi ilichongwa ndani ya bastola yenyewe, kwenye kile kipande cha nyundo, ili magazini ikipinda kidogo risasi bado ipate njia. Ni akili ya fundi aliyewahi kuona askari wakitupa vitu chini. Ajabu ni kwamba wengi waliofuata hawakuiiga.

Makarov: mtutu usiosogea

*Inavyofanya kazi.* Huu ndio mfumo rahisi kuliko yote. Mtutu umekazwa kwenye mwili wa bastola, hausogei. Hakuna kufuli. Kinachozuia ganda lisiruke nyuma mapema ni uzito wa kitelezi na ugumu wa springi iliyozungushiwa mtutu, basi. Risasi inasukumwa mbele, kitelezi nyuma, na kwa kuwa kitelezi ni kizito, risasi inakuwa imeshatoka mdomoni kabla chenyewe hakijafika mbali. Browning, mbunifu wa silaha Mmarekani, alitumia mpango huo kwenye bastola ya 1900 ya FN, kiwanda cha Wabelgiji; Walther wa Ujerumani akautumia kwenye bastola yake ya PP ya 1929, na Umoja wa Kisovyeti ukaipokea Makarov mwaka 1951.

*Inachosamehe.* Mengi. Mtutu ukiwa hauchezi, chemba iko palepale kila safari, na risasi inapanda mteremko uleule. Ganda nalo linatoka likiwa bado na mgandamizo kidogo nyuma yake, kiasi kwamba karibu linajisukuma lenyewe. Hata kikucha kikiwa kimechoka, mara nyingi litatoka. Magazini yake ya risasi 8 ina madirisha makubwa ubavuni. Vumbi litaingia, ndiyo, lakini pia linapata pa kutokea.

Halafu kuna uchache wa vipande, na hapa niseme wazi kwamba namwonea Makarov wivu wa kifundi. Springi moja bapa inasukuma nyundo, inarudisha triga, na ncha yake ya chini ndiyo inayoshikilia magazini. Kile kipande kinachozuia kitelezi nyuma risasi zikiisha, mkono wake wa ndani ndio huohuo unaotupa ganda nje. Kipande ambacho hakipo hakiwezi kuvunjika. Na risasi ikigoma kulipuka, unaweza kuvuta triga tena bila kugusa kitelezi, maana nyundo inajikoki.

*Isichosamehe.* Nguvu. Risasi yake, ya milimita 9 kwa 18, inaruhusiwa mgandamizo wa juu wa bari 1,600 hivi kwa vipimo vya Ulaya. Ile ya 9 kwa 19 wanayotumia wengine inafika bari 2,350. (Gurudumu la gari lako lina bari mbili na kidogo.) Ukitaka mfumo huu ubebe risasi kubwa, lazima kitelezi kiwe tofali na springi iwe ya kuvutwa kwa meno. Wahispania walijaribu kwenye Astra 400 ya 1921: ilifanya kazi, lakini kuvuta kitelezi chake ni mazoezi ya viungo. Hata Makarov yenyewe, kwa risasi yake ya wastani, inapiga teke kuliko unavyotarajia kwa udogo wake, kwa sababu hakuna kitu kinachogawa ule msukumo. Na kwa kuwa ganda linafunguka mapema, masizi mengi hurudi ndani. Haikwami haraka kwa hayo, lakini usiisahau kabatini miezi sita bila kuisafisha.

Onyo dogo la duka: 9 kwa 18 na 9 kwa 19 si ndugu. Kichwa cha risasi ya Makarov kina unene wa milimita 9.2 na kidogo, na hiyo nyingine ni 9.0. Nimesikia watu wakijaribu "kulazimisha". Kwenye chuma, neno kulazimisha ni mwanzo wa ajali.

*Inamfaa nani.* Anayetaka mashine ya kuelewa kwa dakika kumi, asiye na fundi karibu, na anayeridhika na risasi nane za nguvu ya wastani.

GP na Glock: mtutu unaoinama

*Inavyofanya kazi.* Hapa mtutu na kitelezi vimefungwa pamoja wakati risasi inapigwa. Vinarudi nyuma pamoja milimita chache tu. Katika mwendo huo mfupi risasi inatoka, mgandamizo unashuka, kisha nyuma ya mtutu inashuka chini, kufuli inaachia, na kitelezi kinaendelea peke yake. Hili ndilo wazo kubwa la John Browning, na sehemu kubwa ya bastola za leo ni watoto wake.

Nikae hapa kidogo, maana ndani ya familia hii tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Babu ni ile ya Marekani ya 1911. Katika majaribio ya mwezi wa Machi mwaka huohuo ilipigwa risasi 6,000; ilipopata moto walikuwa wakiitumbukiza majini, kisha kazi inaendelea. Haikukwama hata mara moja, na mpinzani wake Savage alikwama mara 37. Wengi wanaishia hapo kwenye hadithi. Lakini angalia muundo wake: mteremko wa kupandishia risasi umekatwa vipande viwili, nusu kwenye mwili wa bastola na nusu kwenye mtutu, na katikati kuna pengo. Risasi ya pua mviringo inaliruka bila kujua. Risasi ya pua bapa au yenye tundu inaweza kujikwaa palepale. Kikucha chake nacho ni springi chenyewe, kipande kimoja kirefu ndani ya kitelezi, na ukali wake unategemea mkono wa fundi aliyekipinda. Ikikutana na fundi mzuri ni bastola nzuri sana.

Browning alifariki 1926 ndani ya kiwanda cha FN huko Herstal, karibu na Liège, kazi yake ya mwisho ikiwa haijakamilika. Dieudonné Saive akaimalizia, ikatoka 1935: hiyo ndiyo GP, "nguvu kubwa" kwa Kifaransa, ambayo wazee wengi waliowahi kuvaa sare hapa kwetu wanaijua kwa herufi hizo mbili tu. Kwenye GP mteremko wote uko kwenye mtutu. Pengo likaisha. Badala ya kiungo kidogo kinachoyumba chini ya mtutu, kuna njia imara iliyochongwa ndani ya chuma: hakuna kipini cha kuchoka. Saive akapanga risasi 13 kwa safu mbili zinazokutana juu kuwa moja. Hapo kuna gharama yake, kwa sababu risasi za safu mbili zinaposongamana kuelekea mdomo mmoja, springi ya magazini inafanya kazi ngumu zaidi kuliko kwenye safu moja. Ikichoka, kitelezi kinapita kabla risasi haijafika juu, na unavuta triga juu ya chemba tupu. Matoleo ya zamani yalikuwa na nundu kidogo kwenye mteremko, hayakupenda pua bapa. Ya baadaye yalirekebishwa. Kikucha nacho kilihamishiwa nje mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikapewa springi yake. Ukikutana na GP, uliza umri wake kama unavyouliza umri wa gari.

Glock, iliyochukuliwa na jeshi la Austria 1982, ilipunguza vitu tena. Hakuna meno ya kufuli juu ya mtutu. Sehemu ya nyuma ya mtutu ni boksi la mraba linaloingia kwenye dirisha la kutolea ganda na kushika hapo. Mwili ni plastiki ngumu, na kitelezi hakipandi juu ya reli ndefu za chuma, kinateleza juu ya vijisahani vinne tu. Eneo dogo la kusuguana ni eneo dogo la vumbi kushika. Nyundo haipo, kuna pini ya ndani, kwa hiyo nyuma hakuna mlango wa mchanga kuingilia.

*Inachosamehe.* Risasi yenye nguvu, miaka mingi, na kwa upande wa Glock uchafu na uvivu wa mwenye mali. Mtutu unaposhuka nyuma, mdomo wa chemba unaifuata risasi inapotoka, na hiyo husaidia sana.

*Isichosamehe.* Mkono mlegevu. Kitelezi kinahitaji mwili wa bastola usimame ili chenyewe kirudi. Mkono ukirudi pamoja nacho, mwendo unapungua na ganda linabanwa mlangoni likiwa limesimama wima kama bomba la jiko. Mwili mwepesi wa plastiki unalihisi hilo zaidi ya chuma kizito cha GP. Risasi dhaifu inaleta ugonjwa huohuo. Tena, Glock ikikutana na fataki (kile kiwashio kidogo kitakoni mwa risasi) ngumu isiyolipuka, kuvuta triga tena hakusaidii. Lazima uvute kitelezi na kuitoa. GP ina tabia yake nyingine: kufuli inayozuia bastola kupiga magazini ikitolewa. Ni kipande cha ziada kinachosugua magazini, kinaharibu ulaini wa triga, na ndicho kinachofanya magazini isidondoke yenyewe. Baba mkubwa alikuwa akikitukana kwa lugha ambayo siiandiki.

*Inamfaa nani.* Anayepiga risasi nyingi uwanjani, anayeweza kupata vipuri, na aliye tayari kujifunza kushika vizuri. Kama ni GP ya zamani, awe na fundi anayejua kutazama.

Beretta 92: mtutu unaorudi sawasawa

*Inavyofanya kazi.* Waitaliano, 1975, walichukua kufuli ya Walther P38, bastola ya Kijerumani: chini ya mtutu kuna kipande kidogo chenye mabawa kinachoshika kitelezi. Vikirudi pamoja kidogo, kipande kinashuka, kufuli inaachia. Mtutu wenyewe hauinami. Unarudi na kurejea kwenye mstari uleule.

*Inachosamehe.* Umbo la risasi. Magazini imekaa juu, karibu usawa wa chemba, kwa hiyo risasi haipandi mlima. Inaingia kama mtu anayeingia kwake. Juu ya kitelezi kuko wazi kabisa, hakuna dirisha dogo la ganda kubanwa. Ni vigumu sana kuona ganda limenasa kwenye Beretta. Nyundo yake pia inakuruhusu kurudia fataki iliyogoma.

*Isichosamehe.* Mwaka wa matumizi usiohesabiwa. Kile kipande chenye mabawa kinabeba kazi kubwa kwa mwili mdogo. Kinaweza kupasuka, na wanaojua hukibadilisha kwa ratiba kama mkanda wa injini. Baada ya jeshi la Marekani kuichukua 1985, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 baadhi ya vitelezi vilivunjika, na kiwanda kikaongeza kichwa kipana kwenye pini ya nyundo ili kitelezi kikivunjika kisimfikie mpigaji usoni. Na uwazi wa juu ni mlango wa pande mbili. Huko Iraki lawama kubwa hata hivyo iliangukia magazini, zile zilizopakwa rangi ya kukwaruza ndani, mchanga mwembamba ukashika na risasi zikagoma kupanda. Bastola ilibeba jina baya kwa kosa la bati.

Ni nzito, karibu gramu 950 ikiwa tupu dhidi ya 730 za Makarov, na mpini wake ni mnene. Uzito huo unameza teke na kusaidia mkono mlegevu. Kwa kiganja kidogo, mnene ni mnene.

*Inamfaa nani.* Mpigaji wa uwanjani mwenye kiganja cha kutosha, anayeandika daftari la risasi alizopiga.

Luger, ile bastola ya zamani ya Kijerumani, mdogo wangu hakuitaja, lakini kila mtu ataitaja. Lile goti lake linalojikunja juu ni zuri kutazama. Linataka risasi ya nguvu kamili, safi, kila mara. Ikiwa dhaifu kidogo goti halijikunji hadi mwisho. Iache kwa wakusanyaji.

Hali yako ni ipi?

Kama unaishi huku kwetu na kipwa (kiangazi chetu) ndicho kinachokusumbua, ule udongo mwekundu wa Ruashi unaoingia hadi ndani ya saa ya ukutani: muundo wowote kati ya hii mitatu utakubali, ukipunguza mafuta. Mafuta mengi yakichanganyika na vumbi yanageuka kuwa ile pasta ya kusagia valvu. Paka kidogo kwenye reli, futa, acha. Glock na Makarov zitavumilia zaidi ukisahau.

Kama risasi unazopata zina umri usiojulikana au zimelala kwenye unyevu wa mvua za Januari, nyundo inayoruhusu kurudia (Makarov, Beretta) ina faida, ingawa risasi ya aina hiyo mahali pake ni kwa wahusika wa kuziharibu na si kwenye chemba.

Ukiwa na mikono dhaifu kwa umri au ugonjwa, usidanganywe na udogo wa Makarov: springi yake ni ngumu kuvuta. Beretta, kwa uzito wake na kufuli yake, huenda ikawa laini zaidi. Zijaribu zote mbili tupu kabla ya kuamua.

Ukipata GP iliyotunzwa, usiikimbie kwa sababu ya miaka. Badilisha springi zote, angalia kikucha kiko wapi, na uilishe risasi za pua mviringo.

Ukitaka kupiga maelfu ya risasi kwa mwaka, mtutu unaoinama ndio wenye vipuri vingi zaidi duniani, na hilo lina uzito kuliko mabishano yote ya kijiweni.

Mdogo wangu alisikiliza yote hayo, akauliza tena: "Sasa yaya, njo gani?" Nilimwambia akishaamua arudi na magazini tu, zote alizonazo, tuzipime midomo kwa kalipa. Bastola yenyewe aiache nyumbani, imefungiwa.